Hatifungani: kabla ya kuuliza faida, tuulize nani anaahidi

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu na mshauri wa komite ya fedha. Wanachama wengi wa upande wa Walikale hawakuweza kufika kwa sababu ya njia. Tunayachapa hapa ili nao wayasome kabla ya kupiga kura.

Prezida ameniomba nizungumze juu ya neno moja linalotembea sana katika vikundi vyetu: hatifungani. Wengine wanasema obligation, kwa Kifaransa. Wengine wanasema tu «ile karatasi ya kuzalisha makuta».

Kuna sababu mbili za kuzungumza leo. Ya kwanza, wanachama wawili wameandikia komite kwamba pesa ya sanduku letu inalala bure, na kwamba vyama vingine katika Afrika Mashariki vinanunua hatifungani na kupata faida kila miezi sita. Ni mawazo mazuri, yanastahili jibu zuri. Ya pili si nzuri. Kuna watu wanaopita sokoni na karatasi zenye muhuri, wanawaambia wenye kurudi: «Mama, leta dola mia, kila mwezi tutakupa makumi mbili.» Nao wanaita karatasi hiyo obligation. Mama mmoja aliniletea moja, akauliza: «Hii makaratasi iko ya kweli?» Swali lake ni la sisi wote.

Tunajua tumetoka wapi. Wengi wetu tuliondoka kwenye makambi ya kandokando ya Goma Februari 2025, wengine tulirudi mbele au nyuma ya hapo, na tulikuta nyumba bila mabati, mashamba yamekuwa pori, mbuzi hakuna. Kila franga iliyo kwenye sanduku hili imetoka kwenye mdomo wa mtoto fulani, ama imetoka kwa mfadhili aliyetuamini. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa kusema «nunueni» ama «msinunue». Nitaeleza kitu chenyewe, namna zake, na maswali manne ya kuuliza. Kisha tutaamua.

Hatifungani ni nini

Hatifungani ni deni lililoandikwa. Hakuna zaidi. Mwenye kuhitaji pesa nyingi, tuseme Leta, banki au kampuni, hawezi kukopa kwa mtu mmoja. Anakata deni lake vipande vidogo vidogo, kila kipande anakiandikia karatasi: mwenye hati hii amenikopesha kiasi hiki, nitamlipa riba kiasi hiki kwa tarehe hizi, na siku fulani nitamrudishia mtaji wake wote. Siku hizi hata karatasi haipo. Ni mstari katika kitabu cha kompyuta.

Sisi tunalijua jambo hili. Katika AVEC zetu mtu anakopa kwenye sanduku, anaandikwa, anarudisha na kitu juu. Hatifungani ni hivyo hivyo, ila mkopaji ni mkubwa na yuko mbali. Na kuwa mbali kwake ndiyo hatari yenyewe. Mwenye kukopa kwenye AVEC unajua nyumba yake, unajua shamba lake limezaa ama halikuzaa. Mkopaji wa hatifungani huoni uso wake.

Msichanganye hatifungani na hisa. Tuchukue mgodi wa bati wa Bisie, kule Walikale. Kampuni ya Alphamin inayochimba pale iko na hisa zinazouzwa kwenye soko la Kanada. Mwenye hisa ni mwenye sehemu ya mgodi: bati likipanda bei anacheka, likishuka analia. Machi 2025, vita viliposogea, kampuni ilisimamisha kazi na kuondoa watu wake. Aprili ikaanza tena. Siku zile mwenye hisa hakuwa na ahadi ya mtu. Lakini mwenye kukopesha kwa hati anadai. Mgodi ukifanya kazi au ukisimama, tarehe ya kulipa inabaki tarehe. Kampuni ikianguka, wanaodai wanalipwa mbele ya wenye hisa, kama kuna kitu kilichobaki.

Faida inakuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni riba: umekopesha dola 100 kwa 8%, unapokea dola 8 kila mwaka, mara nyingi nusu kila miezi sita, na mwisho unarudishiwa 100 zako. Njia ya pili ni punguzo: unanunua kwa 95, hakuna riba katikati, kisha mwisho wa mwaka unalipwa 100. Zile 5 ndizo faida yako.

Namna ya kwanza: hati za Leta

Leta yetu ya Kongo nayo inakopa namna hii. Ilianza upya Oktoba 2019. Hati zake ni za aina mbili. Zile fupi, zisizozidi mwaka, zinaitwa Bons du Trésor. Zile za mwaka mmoja na zaidi zinaitwa Obligations du Trésor. Wizara ya Fedha inatangaza kiasi inachotaka, Banki Kuu inapanga mnada, na wanaoingia kwenye mnada ni mabanki. Mtu wa kawaida au chama hakiingii chenyewe. Lazima kipitie banki, na kiwe na konti pale.

Hapo ndipo sisi tunagonga ukuta. Banki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Miezi ikapita watu wakiwa na pesa kwenye kitabu cha banki, lakini mkononi hawana ya kununua unga. Wamama wanaouza kwenye njia ya Sake wanajua maana yake kuliko mwalimu yeyote wa uchumi. Pia Kongo bado haina soko la hisa na hati kama lile la Nairobi au Dar es Salaam, mahali ambapo unaweza kupata mnunuzi wa hati yako siku ukiwa na shida. Ukinunua, jipange kungoja mpaka mwisho.

Toka 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi tuangalie majirani. Tanzania inauza hatifungani za Leta za miaka 2 mpaka miaka 25, na mtu wa kawaida anaanza na shilingi milioni moja. Kuna mwalimu wa shule anayenunua ya miaka 20 ili riba imlishe uzeeni. Anaweza, kwa sababu hatarajii kesho kubeba godoro kichwani na kukimbia.

Kenya ilijaribu kuteremka chini zaidi. Machi 2017 ilizindua M-Akiba, hatifungani ya kununua kwa telefone, kuanzia shilingi 3,000 za Kenya. Riba ilikuwa 10% kwa mwaka, bila kodi, kwa miaka 3. Mwenye kuweka 3,000 alipokea 150 kila miezi sita. Lilikuwa wazo zuri sana kwa watu wadogo. Lakini mauzo makubwa yaliyofuata mwaka ule ule yalilenga shilingi bilioni moja, na yalipata kama milioni 247 tu. Naona hapo fundisho: mtu mdogo hakosi akili ya kuweka akiba. Anakosa pesa ambayo hataihitaji kwa miaka mitatu.

Namna ya pili: hati za mabanki, makampuni na miji

Si Leta peke yake inayokopa hivi. Mwaka 2022 banki ya NMB ya Tanzania iliuza hatifungani iliyoiita Jasiri, ya miaka 3, riba 8.5%, ili pesa hiyo ikopeshwe kwa biashara za wanawake. Walitafuta shilingi bilioni 25, wakapata zaidi ya bilioni 74. Mwaka 2023 banki ya CRDB, ambayo mwaka ule ule ilifungua mlango Lubumbashi, iliuza hatifungani ya Kijani ya miaka 5 kwa 10.25%, kwa miradi inayolinda mazingira. Hizi mbili mtu aliweza kuanza na shilingi 500,000.

Mfano ambao mimi naupenda zaidi ni wa Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya mji ule iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba 13.5%, kwa kupanua maji ya mji. Wakaaji wanalipa maji, na kutoka malipo yale wakopeshaji wanalipwa. Unaona pesa inatoka wapi, unaona inaingia wapi. Huo ndio moyo wa hatifungani nzuri: kuna kazi inayozaa pesa, na deni linalipwa kutoka pale, halilipwi kutoka mfuko wa mkopeshaji mwingine.

Kwa ndugu zetu Waislamu ambao riba imewakataza dini, kuna namna inayoitwa sukuk. Mwenye sukuk halipwi riba. Anapata sehemu ya faida au ya kodi ya mali ambayo pesa yake imenunua. KCB Bank Tanzania iliuza ya namna hiyo mwaka 2022, wakaiita Fursa Sukuk. Nawataja kwa sababu chama chetu kina watu wa dini zote, na siku tukiamua jambo, wasiachwe nje.

Namna ya tatu: hati za dola sokoni mwa dunia

Leta ikitaka dola nyingi, inaenda kukopa London na New York. Hati hizi wanaziita Eurobond, hata kama zinauzwa kwa dola. Kenya ilikopa hivi dola bilioni 2 mwaka 2014, za kulipwa Juni 2024. Muda ulipokaribia, watu walianza kuogopa. Februari 2024 Kenya ikakopa tena dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75% ili inunue sehemu kubwa ya lile deni la zamani. Ililipa, lakini kwa deni jipya lililo ghali. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Wengine hawakuweza. Zambia, jirani yetu wa kusini, ilikosa kulipa riba ya Eurobond Novemba 2020. Ethiopia ilikosa malipo ya dola milioni 33 Desemba 2023. Hizi ni Leta kamili, zenye bendera na jeshi. Kwa hiyo mtu akikuambia «Leta haiwezi kushindwa kulipa», mwambie kwa heshima kwamba imewahi, tena karibu na hapa. Hata Kongo yetu: Julai 2010 waliotudai walikubali kutufutia deni la zaidi ya dola bilioni 12, kwa sababu halikuweza kulipwa.

Pesa gani itarudi?

Hapa wazee watanisaidia kukumbuka. Desemba 1979 Leta ya Zaïre iliondoa ghafla noti za zaïre 5 na 10. Aliyekuwa ameficha akiba yake chini ya kitanda alibaki na makaratasi ya kuwashia moto. Mwaka 1993 zaïre milioni 3 za zamani zikawa zaïre mpya moja. Mwaka 1998 zaïre mpya 100,000 zikawa franga moja ya Kongo. Mtu aliyekopesha Leta kwa zaïre kabla ya hapo, hata kama angelipwa mpaka senti ya mwisho, angelipwa kitu gani? Ahadi ingetimizwa, na yeye angekuwa maskini.

Ndiyo maana riba kubwa kwa franga si lazima iwe faida kubwa. Kama hati inatoa 20% na bei ya chumvi na sabuni imepanda 20%, umefanya kazi ya bure. Leta yetu inajua ogopo hili. Ndiyo maana iko na hati za franga zilizofungwa kwa bei ya dola: dola ikipanda, mtaji nao unapanda. Iko pia na hati zinazouzwa kwa dola zenyewe. Kila moja iko na bei yake. Yenye kukulinda zaidi inatoa riba ndogo zaidi.

Na kuna jambo lingine watu hawalielezwi: bei ya hati inacheza hata kabla ya mwisho. Tuseme uko na hati ya dola 100 inayotoa 8%, na imebakiza mwaka mmoja. Leo wanauza hati mpya za 12%. Nani atanunua yako kwa 100? Hakuna. Utaiuza kama kwa dola 96, ili mnunuzi naye apate 12% yake. Hukudanganywa, hukuibiwa. Riba zimepanda tu, na wewe umelazimika kuuza kabla ya siku. Ukingoja mpaka mwisho unapata 108 zako. Kwa hiyo swali si «hati iko nzuri?» Swali ni «mimi nitaweza kungoja?»

Namna ya nne, kwa ajili ya wafadhili wetu

Wafadhili wawili wameniuliza kama kuna hatifungani za kusaidia watu kama sisi. Zipo, na mbili zimegusa nchi hii.

Ya kwanza ni ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, mwaka 2017. Wakopeshaji walitoa pesa ya kujenga vituo vitatu vya kutengeneza miguu ya bandia na kusaidia walemavu watembee: Maiduguri kule Nigeria, Mopti kule Mali, na Kinshasa kwetu. Mapatano yalikuwa ya miaka 5. Mwishoni hesabu inapigwa: vituo vimehudumia watu wangapi kwa kila mfanyakazi? Vikifanya vizuri, serikali wafadhili, kama Uswisi, Ubelgiji na Uingereza, zinawarudishia wakopeshaji mtaji na faida. Vikifanya vibaya, wakopeshaji wanapoteza sehemu. Yaani mwenye pesa ndiye anabeba hatari, si mlemavu.

Ya pili ni chungu kwetu. Mwaka huo huo wa 2017 Banki ya Dunia iliuza hatifungani za magonjwa ya mlipuko, za dola milioni 320. Zile zenye hatari zaidi zilitoa riba ya zaidi ya 11%, na ada ile ililipwa na Japani na Ujerumani. Mapatano yalisema: ugonjwa ukifika kipimo fulani, wakopeshaji wanapoteza mtaji, na pesa inaenda kwa nchi yenye ugonjwa. Agosti 2018 Ebola ikatangazwa hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kuisha Juni 2020. Hatifungani zilitoa kiasi gani kwa ajili yetu? Hata senti. Kwa nini? Kwa sababu mapatano yalidai pia vifo visivyopungua 20 katika nchi ya pili, na wagonjwa waliovuka kwenda Uganda walikuwa wachache. Mpango ule ulikuwa na kisanduku kingine cha pesa ya haraka, na hicho kilisaidia. Hati zenyewe hapana. Zilitoa pesa mwaka 2020, kwa ajili ya Covid.

Sisemi mtu alitudanganya. Yote yalikuwa yameandikwa. Nasema hivi: aliyeandika masharti hakuwa ameketi Beni wala Butembo. Kwa hiyo, wafadhili wetu wapendwa, siku mkituletea mpango wa namna hii, tunaomba jambo moja: tukae pamoja siku ya kuandika masharti, msituite tu siku ya kutia sahihi.

Na kwa ndugu zetu walio ng'ambo: Ethiopia iliuza hatifungani kwa wananchi wake wa ndani na wa nje ili kujenga bwawa kubwa la Nile, ambalo lilizinduliwa Septemba 2025. Watu walitoa kwa moyo. Lakini kabla ya bwawa kuisha, mwaka 2016, shirika la umeme la Ethiopia lilikubali kulipa dola milioni 6.5 Marekani kwa sababu liliuza hati kwa watu wa kule bila kuziandikisha kwa sheria. Upendo wa kwao hauondoi sheria ya kule mnakoishi. Mtu akikuuzia «hati ya kujenga Masisi» ukiwa Ulaya au Amerika, uliza kwanza imeandikishwa wapi.

Karatasi za sokoni

Sasa turudi kwa ile karatasi ya mama yetu. Tufanye hesabu. 20% kwa mwezi, ukiacha inajizalisha, dola 100 zinakuwa zaidi ya dola 890 kwa mwaka mmoja. Tumeona banki zinatoa 8.5% au 10% kwa mwaka mzima, na mamlaka ya maji 13.5%. Shamba gani la viazi, ng'ombe gani, hata kisima gani cha madini kinazaa mara tisa kwa mwaka, kila mwaka, bila kukosa? Hakuna. Basi ile faida inatoka wapi? Inatoka kwa mama atakayekuja nyuma yako. Siku wamama wapya wakiisha, na mwenye meza anaisha.

Nchi hii imekwisha kuona. Mwaka 1991 kule Kinshasa nyumba za namna hiyo, maarufu zaidi ikiwa Bindo, zilichukua akiba za watu wengi sana kwa kuahidi kuzizalisha mara nyingi. Wa kwanza walilipwa, ndiyo maana wa pili wakaamini. Kisha zikaanguka.

Kwa hiyo maswali manne, muyashike kama vile mnavyoshika namba ya telefone ya mtoto:

1. Nani anaahidi kulipa, na pesa ya kulipa itatoka kwenye kazi gani?

2. Atarudisha siku gani, na mimi nitaweza kungoja mpaka siku hiyo?

3. Atarudisha kwa pesa gani, na itanunua nini siku hiyo?

4. Asipolipa, jina langu limeandikwa wapi, na nitamshtaki kwa nani?

Karatasi ya sokoni haijibu hata moja. Muhuri si jibu. Muhuri unatengenezwa kwa dola chache. Aliyekwisha kutoa pesa yake asione haya. Aje kwa komite na karatasi yake, tuone pamoja la kufanya.

Na sisi je?

Ninawaletea pendekezo la komite ya fedha. Tugawe sanduku mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la musimu: mbegu za maharagi na viazi, majembe, dawa za mifugo. Pesa hii inatoka na kurudi ndani ya miezi michache. Haiwezi kununua hatifungani yoyote, hata ya Leta, hata ya riba tamu. Mbegu ikikosa mvua ya Septemba, riba ya Machi haitamlisha mtu.

Fungu la pili ni la shida: ugonjwa, kufiwa, kukimbia. Mungu atuepushe, lakini tunajua tunaishi wapi. Walikale-centre ilichukuliwa Machi 2025, na wiki chache baadaye hali ikageuka tena. Waliokuwa pale walihitaji pesa saa ile ile. Fungu hili libaki mahali ambapo watu watatu wanaweza kulifikia siku hiyo hiyo.

Fungu la tatu ni la miaka: ghala la mavuno ambalo tumelisema muda mrefu. Hatutalijenga kesho. Kwa fungu hili peke yake hatifungani inaweza kufikiriwa, tena kwa masharti matano. Iwe hati fupi, isiyozidi mwaka. Iwe ya dola au iliyofungwa kwa dola. Ipitie banki iliyo wazi na inayofanya kazi, katika konti yenye jina la chama na sahihi tatu, mmoja wao awe mwanamke kutoka Walikale. Isizidi nusu ya fungu. Na pesa ya mfadhili isiingie humo kabla mfadhili mwenyewe hajakubali kwa maandishi.

Leo masharti haya hayatimii, kwa sababu ya hali ya mabanki kwetu. Kwa hiyo jibu la komite kwa wanachama wetu wawili ni hili: wazo lenu tunalihifadhi, hatulitupi. Mpaka hapo, mkopo ulio bora zaidi tunaouona ni ule wa mbuzi na mbegu: mwanachama anapokea mbuzi jike, akizaa anapeleka mtoto kwa jirani anayefuata. Mkopaji tunamjua, kazi tunaiona, mtaji unatembea kwa miguu yake, na jina limeandikwa katika kitabu chetu wenyewe. Hiyo nayo ni hati ya deni, na inajibu maswali yote manne. Iko na hatari zake: ugonjwa wa mifugo, wizi, vita. Lakini ni hatari tunazoweza kuzitazama kwa macho yetu.

Sanduku letu si kubwa. Lakini kuna jambo ambalo vyama vingi vilivyo tajiri vimelipoteza: hapa anayedaiwa anajulikana, na anayedai anajulikana. Wazee wanasema dawa ya deni ni kulipa. Katika chama hiki, kwa miezi yote migumu tuliyopita, watu wamelipa kidogo kidogo, wengine kwa debe la maharagi. Siku tukinunua hatifungani, tutafute mkopaji wa tabia hiyo.

Kura juu ya mafungu matatu itapigwa katika kila kikundi, Masisi na Walikale, kabla ya mkutano ujao. Wajumbe watapita na kitabu. Someni, ulizeni, kataeni kama mnaona vibaya.